Kondensa za Redio ya Baba

Redio ya baba ilikuwa na harufu yake. Ukiikaribia wakati wa alasiri, jua la dirishani likiwa limekwisha kuipiga ubavuni, ulisikia harufu ya nta iliyolainika ikichanganyika na vumbi lililopata joto na mbao iliyopakwa vanishi. Nilikuwa nikisogeza pua yangu kwenye matundu ya nyuma, kule ambako taa zake ndogo za kioo zilikuwa ziking'aa kidogo sana, nikavuta pumzi mpaka mama aniite. Wakati huo sikujua kwamba nta ile ilitoka kwenye vitu vidogo vya mviringo, virefu kama kidole changu, vilivyofungwa kwa karatasi ya rangi ya asali na kupangwa chini ya zile taa. Niliamini kwamba sauti za watu wa mbali ndizo zinazonukia hivyo, kwa kuwa zimesafiri njia ndefu juani.

Tulikaa Kibuyuni, mwendo mfupi kutoka Shimoni, katika ile miaka ya hamsini ambapo umri wa mtoto ulihesabiwa kwa mavuno na Ramadhani, si kwa vyeti. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba yangu, Bakari, alikuwa amefanya kazi ya upishi kwa miaka mingi katika nyumba ya wageni huko Diani, na mwenye nyumba ile alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba redio. Baba aliibeba mapajani njia nzima kuja nyumbani, akaacha jiko la Kizungu akarudia minazi yake na shamba la mihogo. Kwetu hakukuwa na nyaya za umeme wala nguzo. Redio ilikula betri kavu kubwa kama tofali, na baba aliitunza betri ile kuliko alivyotunza viatu vyake vya Idi. Jioni aliifungua kwa habari, Ijumaa mchana kwa kisomo, na alasiri moja moja, akiwa na furaha, kwa taarabu kutoka Unguja. Majirani walikuja na mikeka yao wakakaa ukumbini, wake kwa upande wao na waume kwa upande wao, na mtu aliyekohoa alitazamwa na wote.

Jirani mmoja tu hakuja. Huyo alikuwa Maalim Athmani, aliyetufundisha Kurani watoto wote wa mtaa ule katika baraza ya nyumba yake, hatua thelathini kutoka kwetu. Mwanzoni hakuwa na neno. Lakini siku moja, sisi tukiwa chuoni tunarudia aya, baba alifungua taarabu, na safu nzima ya wasichana, mimi nikiwa wa kwanza, ikaanza kuyumba mabega bila kujijua. Maalim alifunga msahafu, akavaa makubazi yake, akaenda kwetu. Sikusikia alichosema. Nilichosikia ni jibu la baba, kwa kuwa alilitoa kwa sauti ya juu: kwamba nyumba yake ina mlango mmoja, na ufunguo anao yeye. Tangu siku hiyo walisalimiana tu. Maalim akipita alisema "Assalam aleikum," baba akaitikia "Waaleikum salaam," kwa sababu dini haikuwapa nafasi ya kunyimana hiyo. Baada ya hapo hakuna aliyeongeza hata ulizo la mvua. Iliendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka tukaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mimi ndiye niliyeumia, maana nilimpenda Mwanasha, binti wa Maalim. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minane hivi, ameolewa, na mumewe alikuwa baharia aliyekuwa nje miezi mingi, hivyo alikaa kwa wazazi wake. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanisahihisha herufi zangu kabla baba yake hajaziona, akanifundisha kukuna nazi bila kujikata. Alipenda redio kuliko sisi sote. Hakuweza kuja ukumbini, lakini nilijua kwamba taarabu ikianza, alikuwa akihamishia kazi yake ya kusuka ukili wa mikeka kwenye ua wa upande wetu. Kesho yake aliniimbia wimbo mzima kwa sauti ndogo huku kitana kikipita kichwani mwangu.

Mtu mwingine katika habari hii ni Mjomba Salimu, kaka yake mama. Alikuwa dereva na fundi wa lori la mbata, zile nazi zilizokaushwa, na kila alipokuja kuchukua mzigo alilala kwetu. Mikono yake ilikuwa na mafuta yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Msimu ule wa joto, miezi michache kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia, redio ilianza kukwaruza, na yeye akaifungua mchana kweupe juu ya mkeka. Watu wazima walichoka kutazama wakaondoka. Mimi nilibaki. Alinionyesha mabamba mengi membamba ya nusu duara yaliyoingiana kama vidole vya mikono miwili visivyogusana, yakizunguka kila alipozungusha kitufe cha kutafutia stesheni. Kisha akakata kimoja cha vile vidude vya nta, kilichokuwa kibovu, akaweka kipya mahali pake, akakichana kile cha zamani kwa kisu na kukikunjua kama mtu anavyokunjua sigara.

Ndani mlikuwa na tepe mbili ndefu za karatasi ya madini, zinazong'aa, na katikati yake karatasi ya kawaida iliyolowa nta. Hakikuwa na kingine chochote.

"Hii ndiyo kondensa," alisema. "Waya mmoja umeshika tepe hii, waya wa pili umeshika ile. Zenyewe hazigusani hata kidogo. Zikigusana, imekufa."

"Sasa moto unapita wapi, mjomba?" Kwetu umeme tuliuita moto.

"Haupiti."

Nilimtazama nikidhani ananichezea. "Kama haupiti, ina faida gani?"

Alicheka, akaweka kisu chini, na hapo nikapata somo ambalo baadaye nililirudia mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi, kwa maneno yake yale yale. Alisema moto wa betri husukuma upande mmoja tu. Ukifika kwenye tepe ya kwanza unajikusanya pale, unajaa, na kwa kuwa karatasi haina njia, unakwama. Kwa betri, mlango huo umefungwa. Lakini sauti ya redio ni moto unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara nyingi kwa nukta moja. Ukija, tepe ya kwanza inajaa na kuusukuma moto ulio katika tepe ya pili. Ukirudi, ule wa pili nao unarudi. Hakuna kilichovuka karatasi, lakini mtikisiko umefika ng'ambo. "Kwa hiyo hapa," alisema akigonga kwa kucha, "sauti inaruhusiwa, nguvu ya betri inakatazwa. Na pale penye kondensa kubwa, hiyo inakusanya akiba, betri ikilegea kidogo inatoa, sauti isiyumbe."

Nilinyoosha kidole kuigusa hiyo kubwa. Betri ilikuwa imekwisha kuondolewa, iko pembeni ya mkeka, basi sikuona hatari. Nilirushwa mkono hadi begani, meno yakagongana. Mjomba hakunikemea. Alichukua bisibisi yenye mpini wa mbao, akaiegemeza kwenye miguu miwili ya ile kondensa, ikalia ta, cheche ndogo ikatoka. "Betri imeondoka, akiba imebaki," alisema. "Sasa umejua."

Mambo yenyewe yalitokea siku ya Jumatano, mara baada ya adhuhuri. Mwanasha, mimba yake ikiwa imetimia miezi tisa, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri ya jana yake. Mkunga wetu, bibi mmoja mwenye mikono miepesi aliyetuzalisha karibu sote, alitoka ndani akiwa na uso nisiowahi kumwona nao, akamwambia Maalim kwamba mtoto amelala vibaya, na kwamba yeye amefika mwisho wa ujuzi wake. Apelekwe Msambweni, hospitali, na apelekwe sasa. Kwa bahati Mjomba Salimu alikuwepo, lori lake chini ya minazi, nusu limepakiwa. Alishusha magunia ya mbata bila kuombwa. Wanawake walitandika godoro na mikeka nyuma, wakamleta Mwanasha amefunikwa kwa leso. Nilimwona mguu tu. Ulikuwa umejikunja vidole kama mtu anayeshika kitu kwa mguu.

Mjomba alitia hendeli, ile nondo ya kuwashia injini kwa mkono, mbele ya lori, akazungusha. Injini ilikohoa ikazima. Akazungusha tena, ikapiga mlio kama bunduki nyuma, ikazima. Mara ya tano alifungua boneti, akatoa kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, akamwambia kijana mmoja azungushe hendeli taratibu huku yeye akitazama ndani. Baba alikuwa amekuja, amesimama upande mmoja wa lori. Maalim alikuwa amesimama upande wa pili. Sote tuliona: kila platini zilipofunguka, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyokata moto na kuurudisha, cheche nene ya buluu iliruka katikati yake.

"Kondensa imekufa," mjomba alisema.

Maalim akauliza kwa upole, kana kwamba anauliza maana ya neno katika kitabu, hiyo ni kitu gani. Mjomba, mikono ikiendelea kufanya kazi, alimweleza kwamba platini zikifunguka, moto unakataa kukatika ghafla, unaruka pale pale na kuziunguza. Kondensa hukaa pembeni yake kuupokea kwa hiyo nukta moja, ujae humo badala ya kuruka. Hapo ndipo unakatika sawasawa, na koili inatoa moto mkali kwenye plagi. Bila hiyo, plagi hazipati kitu. Nyingine iko wapi? Mombasa. Labda kwa mafundi wa Msambweni, lakini kufika huko ndiko kulikotushinda.

Kutoka nyuma ya lori ilikuja sauti ya Mwanasha. Hakulia. Alisema tu, "Baba," mara moja.

Mimi ndiye niliyesema. Sikupanga, na lau ningepanga nisingethubutu, mbele ya watu wazima wote wale. "Mjomba, redio ina kondensa."

Mjomba aliinua kichwa. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, na nikaelewa nimefanya nini. Baba hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama ile cheche, ingawa haikuwepo tena.

"Mtoto amesema kweli," mjomba alisema polepole. "Zile za karatasi. Moja ni ndogo, lakini mbili nikizifunga ubavu kwa ubavu zinakuwa kama moja kubwa, zinaweza kushika. Lakini shemeji, nikizitoa redio itanyamaza. Na sina hakika zitastahimili joto."

"Bakari," alisema Maalim. Lilikuwa neno la kwanza zaidi ya salamu tangu siku ile ya taarabu. "Mimi sikuja kukuomba hilo."

"Hujaniomba, Maalim," baba alisema, na tayari alikuwa anatembea kuelekea nyumbani.

Aliileta mwenyewe, ameikumbatia kama alivyoileta kutoka Diani, akaiweka juu ya gunia la mbata. Yeye mwenyewe alifungua parafujo za nyuma. Alipokuwa anaingiza mkono nilipiga kelele nikasema akiba, akiba imebaki, na mjomba akapeleka bisibisi. Ta. Kisha koleo ikaingia. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Mjomba alisokota mbili pamoja miguu kwa miguu, upande mmoja akaukaza kwenye bodi ya chuma ya lori, upande wa pili kwenye waya wa platini, akazivutia mbali na injini ili nta isiyeyuke, na kuzifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ya tatu alitia mfuko wa shati.

Hendeli ilizungushwa mara moja. Injini ikashika.

Maalim alipanda nyuma akakaa karibu na kichwa cha binti yake, mama yangu na mkunga wakapanda, lori likaondoka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Baba alibaki amesimama barabarani, nami nikasimama karibu naye, nikiogopa kumshika mkono. Tulisikiliza. Mlio ulipita shambani kwa watu, ukapotea kwenye bonde. Ukatokea tena, mdogo zaidi. "Bado inakwenda," baba alisema. Nilishika pumzi ili nisikie. Ukapungua ukawa kama nyuki ndani ya chupa. "Bado," akasema. Kisha hatukusikia kitu, na hatukujua kama ni umbali au ni nta. Tulikaa pale mpaka kijana aliyemsaidia Maalim chuoni alipoadhini alasiri. Baba aliibeba ile redio iliyotobolewa tumbo, akarudi nayo ndani na kukaa mbele yake. Hakuifunga. Aliniambia, bila kugeuka, "Ulisema vizuri." Hapo ndipo nilipolia.

Mjomba alirudi kesho yake mchana. Karibu na daraja la Ramisi lori lilianza kukatakata. Alipofungua boneti alikuta nta ikidondoka na moja ya zile mbili imevimba. Akaiondoa, akaweka ile ya mfukoni. Walifika jua halijatua. Daktari alimpasua Mwanasha, akamtoa mtoto wa kike, mzima. Mwanasha alipoteza damu nyingi, kwa siku tatu hakuna aliyetoa ahadi kwamba ataishi, lakini alirudi kwetu baada ya wiki kadhaa, mwembamba kama ufito, na jambo la kwanza alilonifanyia ni kuniuliza nani amenisuka nywele vibaya namna ile.

Redio ilinyamaza msimu mzima. Ukumbini kwetu watu waliendelea kuja kwa mazoea, wakazungumza, wakaondoka mapema. Baba hakulalamika hata siku moja, wala hakujisifu. Halafu asubuhi moja Maalim, mtu ambaye sikuwahi kumwona akivuka kivuko cha Likoni, alipanda basi kwenda Mombasa akiwa na karatasi ambayo mjomba alimwandikia nambari. Alirudi jioni, akaniita kutoka barazani kwake. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake kondensa nne, mpya, zenye nta inayong'aa.

"Mpe baba yako," alisema. "Mwambie nimemuuliza mwenye duka mara mbili, isije ikawa si zenyewe. Na ile ya nne ni ya kuweka."

Nilizipeleka. Baba alizigeuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akavaa kanzu akaenda kwa Maalim, na walikaa barazani mpaka chai ikaletwa mara ya pili. Sijui walizungumza nini. Nilipopita makusudi walikuwa kwenye habari za fuko wanaokula mihogo. Mjomba alizifunga zile kondensa alipokuja tena. Redio ikasema, ingawa stesheni moja ya mbali haikurudi kamwe kuwa safi. Maalim hakuja ukumbini kuisikiliza, siku hiyo wala siku nyingine. Baba naye hakuifungua tena saa za chuo. Hawakuandikiana mkataba, waliishi hivyo tu, hadi mmoja wao alipomzika mwenzake.

Mimi nilisoma, kwa kusukumwa na baba na kwa barua moja ya Maalim kwa mwalimu mkuu wa shule, nikawa mwalimu wa sayansi. Nimechora mistari miwili isiyogusana ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na kila mwaka alikuwapo msichana aliyeinua mkono na kuuliza: kama haupiti, ina faida gani? Siku hizi nakaa Ukunda. Simu ya mjukuu wangu ina kondensa mamia, ndogo kuliko punje za mchanga, na hakuna fundi anayeweza kuzichomoa kwa koleo akazifunge kwenye lori la mtu. Magari yenyewe hayana platini tena. Likikwama, dereva anakaa kivulini na kupiga simu. Wenzangu wa umri wangu hulisema hilo kwa masikitiko, kwamba zamani vitu vilifunguka na watu walifunguka, na nikiwa na usingizi wa mchana mimi pia hukubaliana nao.

Lakini nakumbuka vilevile kwamba mwaka uliofuata, mwanamke mwingine wa kijiji chetu, Bi Mwanakombo, mke wa mchonga mitumbwi, alishikwa na uchungu wa aina ile ile. Siku hiyo lori halikuwepo. Walimbeba kwa kitanda, wanaume sita wakipokezana, baba akiwa mmoja wao. Hawakufika naye hata Ramisi akiwa hai. Leo barabara ni ya lami, na watu wa Kibuyuni wana nambari ya gari la wagonjwa katika simu zao. Likipita hapa kwetu na king'ora chake, wajukuu hawainui hata macho. Mimi naacha ninalolifanya, nasimama mlangoni, na kusikiliza mpaka lifike mbali.